Koti Lisilo na Mgongo

Bibi Philomène alilikata koti la mwanawe Alhamisi mchana, nyumba ikiwa kimya, na alilikata kwa roho safi kabisa. Alilitandaza kitandani, akalipapasa. Sufu ya kabla ya vita, nzito, ya kuzuia upepo. Nyuma lilikuwa na mikia miwili mirefu inayoning'inia hadi magotini, na mikia hiyo tangu lini ilimfaa mtu? Mjukuu wake Huguette, mtoto wa miaka sita, alikuwa amejikunyata kando ya jiko lisilo na makaa, vidole vimevimba kwa baridi hata kijiko hakishikiki. Januari ile ya mwaka arobaini na tatu, pale kwetu Joinville, maji ya kunawa yaliganda ndani ya beseni na mtu akalazimika kuvunja barafu ndipo aoshe uso. Bibi akachukua mkasi.

Alikata mgongo mzima, kuanzia mabegani hadi ncha za mikia. Mbele hakugusa, maana kola zilikuwa za hariri, na hariri ni ya kumeremeta tu. Mikono aliiweka kiporo, aje aitumie kushona soksi siku nyingine. Jua lilipoanza kushuka, Huguette alikuwa amevaa koti jeusi lenye vifungo mbele, anazunguka jikoni akijitazama, na bibi yake anamtazama kwa fahari ya mtu aliyeshinda vita peke yake.

Hapo ndipo walipoingia mwanawe Anselme na mkwewe Sidonie, wanahema kwa kukimbia, wanacheka.

"Mama! Ameitwa!" Sidonie alisema hata kabla ya kufunga mlango. "Kesho asubuhi, studio! Karamu ya matajiri. Bastide anataka wanaume wenye koti la mkia la kwao wenyewe, na watakaompendeza mwongozaji watapewa mkataba mpaka mwezi wa tatu. Mkataba, Mama! Wenye muhuri!"

"Muhuri," Anselme alirudia.

Muhuri huo ndio uliokuwa roho ya nyumba. Anselme Quillard na mkewe walikuwa waigizaji wa kujazia, wale watu wanaosimama nyuma ya nyota wa filamu wakishika glasi, wanaopita barabarani na mwavuli, wanaopiga makofi kwenye harusi ya uongo. Kazi ya siku moja moja. Mwenye nguo yake ya karamu alilipwa karibu mara mbili ya asiyekuwa nayo, na koti lile ndilo lililowalisha. Lakini sasa mambo yalikuwa yamezidi chakula. Serikali iliyokuwa chini ya Wajerumani ilikuwa imetangaza kwamba mwanamume aliye chini ya miaka hamsini asiyeweza kuonyesha kazi ya kudumu atapelekwa viwandani Ujerumani. Anselme alikuwa na arobaini na nne. Jumatatu alitakiwa afike ofisi ya meya akiwa na karatasi yenye muhuri, au akiwa na sanduku lake la safari.

"Nipe koti nilipige brashi, Mama," alisema.

Huguette alimkimbilia baba yake akafungua mikono. "Baba, tazama! Lina vifungo!"

Anselme alitazama vifungo. Akaitazama ile sufu. Akaelewa, akakaa juu ya kiti taratibu.

"Mama," Sidonie alisema, "niambie sicho ninachokiona."

"Unachokiona ni mtoto aliyevaa nguo. Kwani vipi?"

"Umekata koti!"

"Nimekata. Nani aliniambia nisikate? Mtoto anakufa baridi hapa, na lile limening'inia kabatini linaliwa na nondo! Mtu mzima na ndevu zake kwenda kusimama ameshika glasi tupu, mnaita kazi!"

"Ungenikata mguu ningekushukuru! Lile si koti, Mama. Lile ni jembe letu!"

Bibi hakuwa mtu wa kuomba radhi. Mara ya mwisho aliomba radhi kwa padri, na hata huyo alimbishia. Lakini uso ulimshuka. Alimtazama mwanawe, akaliona lile sanduku la safari lililokuwa juu ya kabati.

Sidonie aliuchukua mkasi akamvuta mtoto. "Njoo mama, vua. Nitakushonea lingine."

"Liache," Anselme alisema.

"Anselme, huo ni mgongo wako!"

"Liache, nimesema. Tazama vidole vyake." Huguette alikuwa ameficha mikono ndani ya mikono ya koti, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa hatetemeki. "Mbele lipo?"

"Mbele lipo," mama yake alisema kwa sauti ndogo. "Na mikono."

"Basi. Mimi kazi yangu ni kusimama. Nitasimama nimeuegemea ukuta."

Walilishughulikia lile koti jioni yote. Sidonie aliziunganisha pande mbili za mbele kwa kamba, zikapita mgongoni mwa mumewe, zikakazwa kama mtu anavyomfunga punda mzigo. Kamba zilikuwa za mkanda wa Bibi wa kubania tumbo. Aliutoa mwenyewe chini ya godoro. "Chukueni," alisema. "Tumbo lenyewe la kubanwa liko wapi siku hizi?" Shati la karamu nalo lilikuwa kifua tu, kama wengi walivyokuwa wakivaa, hivyo nyuma Anselme alibaki na fulana. Kwa ajili ya baridi Sidonie alimpanga magazeti ya zamani juu ya fulana, akayapitisha chini ya kamba. Ukimtazama kwa mbele, alikuwa balozi. Hakuna aliyependa kumtazama kwa nyuma.

*

Asubuhi, mlango wa studio ulikuwa na foleni ndefu ya matajiri wenye njaa. Wanawake walivaa magauni ya kuacha mabega wazi chini ya mablanketi, wanaume walipiga miguu chini kufukuza baridi. Bastide, msimamizi wa kuajiri watu, alipita akiwakagua mmoja mmoja kwa vidole, kama anayenunua kuku sokoni.

"Suruali hiyo ni ya mazishi. Nenda zako. Wewe, viatu. Inua mguu. Hiyo ni mbao? Tajiri gani anavaa soli ya mbao? Nenda zako. Bi Yolande, gauni zuri, lakini umekonda, mama, umekonda! Umealikwa karamu au unatoka hospitali?"

"Nitakula nikifika ndani, mkuu," Bi Yolande alijibu.

"Ndani kuna kuku wa karatasi. Simama nyuma huko, pasipo na mwanga."

Alipomfikia Anselme alimwamuru avue koti la baridi. Anselme alivua, polepole, akijihakikishia kwamba Sidonie amesimama nyuma yake, kifua kimegusa magazeti. Bastide alishika kola akaisugua.

"Hariri halisi. Hivi ndivyo ninavyotaka. Geuka."

Anselme hakugeuka.

"Geuka, bwana, nione mikia."

"Asigeuke!" Sidonie alipiga yowe, akamkumbatia mumewe kwa nyuma kwa nguvu zote. "Akigeuka atamwona yule!"

"Yule nani?"

"Yule mwanamke wake! Yule wa kofia ya kijani! Nimemwapisha mbele ya msalaba asimtie machoni tena, halafu wewe mkuu unataka umgeuze kwa mkono wako mwenyewe!"

Foleni nzima iligeuka kumtafuta mwanamke wa kofia ya kijani. Kwa bahati mbaya alikuwepo: mama wa makamo, karani mstaafu wa posta, aliyekuja na gauni la marehemu dada yake. "Mimi?" alisema. "Mimi?" Halafu, kwa kuwa maisha yake yalikuwa hayana mambo mengi, alijirekebisha nywele na hakukanusha.

"Sidonie, watu wanatazama," Anselme alinong'ona, masikio yamemwiva.

"Watazame! Nimenyamaza kiasi gani mimi?"

"Ingieni!" Bastide alifoka. "Ingieni nyote wawili kabla sijawafukuza! Mkalilie ndani ugomvi wenu!"

Waliingia hivyo hivyo wamegandana, kwa hatua fupi fupi, na nyuma yao watu wakacheka. Anselme alivisikia vile vicheko, akajikaza kisabuni. Sidonie alikuwa analia kweli sasa, kwa hofu, na hakujua hata yeye machozi ya uongo yaliishia wapi.

*

Ndani ya studio palikuwa na baridi kuliko nje. Taa zilikuwa chache, umeme wenyewe wa mgao. Ukumbi wa karamu ulikuwa umejengwa kwa mbao na plasta, wenye vioo, ngazi na meza ndefu ya kuku wa karatasi, na mvinyo ulikuwa maji yaliyotiwa rangi. Mwongozaji, Bwana Loubressac, mtu mfupi aliyejifunika blanketi la farasi, alilalamika kwamba pumzi za wageni zinaonekana kwenye kamera kama moshi. Basi kila mgeni akapewa kipande cha barafu akinyonye, mdomo upoe, moshi usitoke. Hivyo ndivyo matajiri wetu walivyokuwa: wamesimama mabega wazi, wananyonya barafu, wanatabasamu.

Anselme aliufuata ukuta. Aliegemea dirisha la uongo, akahamia kwenye nguzo, akajibanza kwenye mtungi wa maua. Mtu akipita nyuma, yeye anageuka naye. Bibi mmoja alimwomba amsogezee kiti, akakisogeza kwa mguu, huku akiinama kwa heshima. Sidonie, aliyewekwa upande wa pili wa ukumbi, alikuwa akimtazama huku akihesabu zamu za kupiga picha zilizobaki kabla ya mchana. Kila mwongozaji aliposema "Tena," aliongeza moja.

"Yule bwana mrefu," Loubressac alisema ghafla, jicho kwenye kamera. "Pale mtungini. Atoke aende mezani."

Anselme alitoka. Alikwenda mezani upandeupande.

"Hapana. Tena."

Safari hii alikwenda kinyumenyume, akiwainamia wageni kulia na kushoto.

"Huyu ana nini? Mbona anatembea kama kaa?"

"Ni adabu, bwana mkubwa," Anselme alisema. "Mgeni hampi mwenyeji mgongo."

Watu wakaguna kicheko. Loubressac hakucheka. "Bwana wee, mimi nataka mtu anayeondoka. Anageuka, anaondoka zake. Unajua kugeuka?"

Anselme alimtazama mkewe ng'ambo ya ukumbi. Sidonie alifungua mikono: hakuna kofia ya kijani itakayowaokoa tena. Basi akageuka.

Kamba za Bibi Philomène zilikatiza mgongo mzima, na chini yake gazeti, limelowa kwa jasho, lakini linasomeka. Bi Yolande, aliyekuwa karibu zaidi na aliyekuwa na njaa zaidi, ndiye aliyelisoma.

"Mgao wa mwezi huu," alisema kwa sauti ya kanisani. "Siagi, gramu hamsini."

"Gramu hamsini!" mtu alijibu. "Huo mgongo unadanganya!"

Kicheko kilipasuka. Barafu zilidondoka kutoka midomoni. Walicheka hadi mafundi wa taa juu ya ngazi, na mtu mmoja akapiga kelele kwamba wengine hawana mbele wala nyuma, huyu bwana mbele anayo, tusimwonee. Anselme alisimama katikati yao, mikono imening'inia, macho chini.

Bastide alikuja mbio, mwekundu kama nyanya. "Ndiyo maana! Ndiyo maana hukutaka kugeuka! Na mkeo na kofia yake ya kijani! Mmenifanya mjinga mlangoni mbele ya watu. Toka! Na mlango huu usiuone tena, wewe na yeye!"

"Mkuu, nisikilize kidogo."

"Koti la mkia, nilisema! Mkia uko wapi?"

"Ameuvaa mwanangu," Anselme alisema. "Mama yangu alimshonea mtoto koti. Alikuwa anatetemeka." Akamgeukia mwongozaji. "Jumatatu naitwa ofisi ya meya. Nilidhani nikisimama vizuri hamtaona."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mwanamume mle ndani aliijua Jumatatu ya aina hiyo, na kila mwanamke alikuwa na mtu wake.

Loubressac alishuka kwenye kiti chake. Alimzunguka Anselme na blanketi lake la farasi, akamtazama mbele, akamtazama nyuma, akarudi mbele.

"Mbele mwinyi," alisema. "Nyuma gramu hamsini."

Filamu ile ilikuwa na mwinyi mmoja aliyefilisika, anayekuja karamuni bila mtu kujua kwamba amekwisha. Alipaswa kusimama karibu na ngazi akamweleza mwenyeji, kwa hotuba ndefu, jinsi alivyopoteza mali yake. Loubressac aliichukia hotuba hiyo kama mtu anavyolichukia jino bovu. Sasa alikuwa akiutazama mgongo wa Anselme, midomo inamchezacheza.

"Futa hotuba," alimwambia msaidizi wake. "Bastide, nichukulie hilo koti."

Bastide alibadilika uso papo hapo. Pesa za studio hazikuwa zake. "Faranga elfu mbili, Quillard. Vua."

Elfu mbili! Watu walisogea.

"Na siagi," Bastide aliongeza alipoona Anselme anasita. "Kilo nzima, ya Normandy, naijua inapopatikana. Kwa koti lisilo na mgongo! Utapata wapi mjinga mwingine?"

Anselme alikwisha kuinua mkono kwenye kifungo. Sidonie alikata ukumbi mbio, gauni mkononi, akaushika ule mkono.

"Hatuuzi."

"Mwanamke, umesikia nilivyosema? Siagi. Unajua siagi?"

"Naijua, mkuu. Naiota. Juzi niliiota nikaamka nimeuma shuka." Hakuuachia ule mkono. "Tukila hiyo siagi, Jumatatu mume wangu anapanda treni na mdomo wenye mafuta. Koti haliondoki bila mwenyewe. Mkilitaka, mchukueni naye ndani yake. Na mkataba, wenye muhuri."

"Mama, mimi nahitaji mwigizaji," Loubressac alisema, bila ukali. "Mwinyi huyu ana sehemu yake na maneno ya kusema. Ni ya Bwana Verdelin."

Verdelin alikuwa ameketi kando, mzee mwenye uso unaojulikana na kila mtu kuanzia Lille hadi Marseille, amevaa koti lake zima lenye mikia miwili. Alikuwa akiitazama shughuli yote. Sasa alisimama.

"Acha nilijaribu," alisema. "Niazime kidogo, kaka."

Anselme alivua. Alibaki na kifua cha shati na magazeti mgongoni, mbele ya watu wote, na Sidonie akamfunika na shali yake. Verdelin alifungwa zile kamba. Alipita ukumbini kwa madaha, akageuka, akatikisa mgongo, akarusha jicho begani. Watu walicheka kama mtu anavyomchekea mkubwa. Loubressac alijikuna kidevu.

Verdelin alikuwa ameishi kwa kusikiliza vicheko, na hicho alikijua ni cha aina gani. Alirudi kwa Anselme.

"Wewe umepita humu asubuhi nzima na hakuna aliyeona. Ulifanyaje?"

"Sikufanya kitu, bwana. Niliogopa tu."

"Nionyeshe."

Kamba zikarudi mgongoni mwa mwenyewe. Anselme alianza dirishani. Alipita kando ya ukuta, akachukua glasi, akamwinamia yule mama wa kofia ya kijani, ambaye sasa alikuwa bila kofia na mwenye haya kama msichana. Mama akamwomba dansi, kwa kujitungia mwenyewe. Anselme aliikataa kwa upole mkubwa hivi kwamba mtu angedhani yeye ndiye aliyenyimwa. Uso wake ulikuwa umetulia, wa mtu mwenye mashamba na farasi, lakini jasho lilimtoka katika baridi ile ya kuvunja mifupa. Mgongo wake haukuonekana hata kidogo. Alifika penye ngazi. Kutoka pale hadi mlangoni hapakuwa na ukuta, nguzo wala mtungi.

Alisimama. Aligusa kola yake ya hariri, akainyoosha. Halafu akageuka, akaenda zake taratibu, kichwa juu, na kamba na gazeti vikaonekana vyote, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni.

Fundi mmoja juu ya ngazi alivua kofia. Sidonie alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mpe," Verdelin alimwambia mwongozaji. "Mimi nitaigiza aibu. Huyu anayo na hataki tuione. Sina la kuongeza hapo."

"Na sehemu yako?"

"Nina filamu nyingine mbili mwezi huu, rafiki yangu. Mkate ninao. Mpe."

"Na maneno?"

"Mtungie machache."

Maneno yalikuwa mafupi, Loubressac aliyatunga pale pale: Usiku mwema, mabibi na mabwana. Gari langu linaningoja. Kwa miaka yote aliyofanya kazi studio, Anselme hakuwahi kusikika hata akikohoa. Mara ya kwanza sauti ilimpasuka kama ya kijana anayebalehe, na Bastide akatazama juu kwa raha. Mara ya pili alimeza barafu. Sidonie hakustahimili, alipaaza sauti kutoka nyuma ya kamera, "Anselme! Sema kama unavyomwambia Mama umeshiba!"

Anselme alimtazama. Kila jioni nyumba ile ilikuwa na bakuli moja la tanipu za kulishia ng'ombe, na kila jioni yeye alilisukuma kwa mtoto akisema ameshiba, tena kwa uso mkunjufu kiasi kwamba mama yake alimwamini. Akavuta pumzi.

"Usiku mwema, mabibi na mabwana," alisema. "Gari langu linaningoja."

Akageuka, akaondoka. Kamera ikamfuata hadi mlangoni, na hakuna aliyepumua hadi Loubressac aliposema imetosha. Kisha wale matajiri wote, mabega wazi, vidole vimekufa ganzi, wakapiga makofi ambayo hakuna aliyewaamuru wala kuwalipa kwayo. Bi Yolande alipiga kwa viatu. Sidonie aliwasukuma watu akamfikia mumewe, na alipomkumbatia safari hii hakuwa na cha kuficha. Alimpiga ngumi za mgongoni kwa furaha mpaka gazeti likachanika.

"Bastide," mwongozaji alisema. "Mkataba. Sasa hivi. Na ule muhuri wako ukandamize vizuri, uonekane."

*

Jumatatu karani wa ofisi ya meya aliigeuza karatasi mara mbili, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. "Mwigizaji?" aliuliza.

"Mwigizaji."

"Mimi naenda sinema kila Jumapili. Sijawahi kukuona."

"Utaniona mgongo," Anselme alisema.

Karani hakuelewa, lakini muhuri aliuelewa. Aliandika jina upande wa wanaobaki. Anselme alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za ofisi ya meya katikati ya theluji, akalia kwa sauti, na hakujali nani anamwona.

Jumatano fundi wa mavazi wa studio alipanda ngazi za nyumba yao amebeba makoti mawili ya mkia mikononi. Alikuwa bwana nadhifu mwenye tepu ya kupimia shingoni, na alisema maneno yake amesimama, maana Bibi Philomène hakumkaribisha kiti.

"Mama, mwongozaji anataka mengine mawili kama lile, lile likiharibika tuwe na akiba. Nimejaribu mwenyewe tangu jana. Nikikata linatoka sawasawa, linaonekana limekatwa na fundi. Anasema nimfuate aliyelikata la kwanza."

"Nilikuwa na haraka," Bibi alisema.

"Ndiyo haraka hiyo anayoitaka. Utalipwa, Mama."

Bibi aliyashika makoti. Alisugua kitambaa kwa kidole gumba. Sufu ya kabla ya vita, nzito, bora hata kuliko ya mwanawe. Akayalaza mezani, akachukua mkasi, akauinua. Halafu akauweka chini.

"Na migongo?"

"Migongo gani, Mama?"

"Nikikata, nyinyi mnachukua mbele. Migongo inabaki kwa nani?"

"Migongo ni mali ya studio," fundi alisema. "Inarudi stoo."

"Stoo ina watoto?"

"Hapana, lakini..."

Bibi Philomène alikunja mikono kifuani, akakaa. Kwenye kona, Anselme na Sidonie walikuwa wakitazama sakafu ili wasicheke. Fundi alitazama makoti, akaitazama saa yake, akamtazama Huguette aliyekuwa ameketi chini ya meza ndani ya koti jeusi, vidole vyake vimekwisha kupona, anamtazama naye. Mwongozaji alikuwa anangoja, kamera na watu wote wanangoja.

"Chukua migongo," alisema kwa kushindwa.

"Yote miwili."

"Yote miwili, Mama."

Bibi alisimama. Hakuushika mkasi kwanza. Alikwenda mlangoni, akaufungua wazi, akainama kwenye ngazi za nyumba ile yenye familia kwenye kila ghorofa, akaita kwa sauti iliyofika hadi chini barabarani:

"Mwenye mtoto anayetetemeka, amlete juu nimpime!"